Amina ya Upande wa Kulia

Siku hiyo Lutengano alishinda shambani akichuma maua ya pareto, mtoto mgongoni, kama siku nyingine zote. Alikuwa jirani yetu kwenye vilima vya nyuma ya Mbeya, na haya yalimpata miaka ya hamsini, masika yalipokuwa yameshika. Mkewe Esta, Mhehe wa Mafinga, alizikwa kabla ya mvua kuanza. Alimwachia Ikupa, ambaye alikuwa bado anatambaa.

Esta alipokuwa hai, nyumba ile haikuuza ndama wala kubadili shamba bila kupiga magoti. Lutengano alikaa kushoto, Esta kulia, mahali pale pale, hata sakafu ya udongo ikabonyea. Mume aliomba, mke akajibu, "Amina." Kabla Amina ile haijasikika, jambo lilikuwa halijaamuliwa. Siku nyingine Esta alikaa kimya, na mumewe akajua ametumwa kufikiri upya.

Baada ya mazishi Lutengano aliisiriba sakafu yote kwa udongo mpya, vishimo vya magoti vikafukiwa. Hakuomba tena. Hakuwa na hasira na Mungu. Hakuwa na chochote.

Alasiri ile alirudi na ukungu na mvua nyepesi. Ndani, kwenye kigoda, alimkuta Matilda, mdogo wake Esta.

"Shemeji, nimemfuata mtoto."

Hakusalimu. Matilda, ambaye salamu yake husikika kabla hajafika uani, hakusalimu. Miguu yake ilikuwa mikavu, safi, na njia nzima kutoka barabarani ilikuwa tope. Lutengano aliyaona hayo yote kama mtu anayeangalia vyombo vya nyumba ya wengine.

"Mchukue," alisema.

"Sasa hivi."

"Sawa."

Alimfungua Ikupa mgongoni, akampakatisha Matilda. Mtoto akaanza kulia. Lutengano akakusanya nguo zake chache, akazifunga kwa kanga ya Esta. Alipokaza fundo, magoti yakamkunjika yenyewe. Labda yalikuwa mazoea tu.

"Tuombe kwanza, shemeji."

"Hakuna haja."

"Ni mtoto wa Esta. Tuombe."

"Umeshaamua," Matilda alinong'ona. "Umeshasema."

Lutengano alifumba macho.

"Bwana, nimeamua bila kukuuliza. Nimpe, au nisimpe?"

Akasubiri Amina.

Matilda hakuitikia. Mvua ilikatika. Ikupa akaacha kulia, ghafla, kama mtoto aliyenyanyuliwa.

Kisha upande wa kulia mtu alivuta pumzi.

Ilikuwa karibu. Ilinukia moshi wa kuni na mafuta ya nyonyo. Ilivutwa kama ya mtu anayetaka kusema, halafu haikusema.

Kimya kile alikijua.

"Hapana," alisema, macho bado yamefumbwa. "Simtoi."

"Amina."

Haikutoka kwenye kigoda.

Alipofumbua macho, mlango ulikuwa wazi. Kigoda kilikuwa kitupu. Ikupa alikuwa ameketi sakafuni, kulia kwake, ameinua mikono juu kama mtoto anayetaka kubebwa. Uani, kwenye tope, nyayo zilikuwa za Lutengano mwenyewe, zikiingia. Hapakuwa na nyingine.

Kesho yake mchana salamu ya Kihehe ilitangulia njiani.

"Kamwene, shemeji! Ee, ni kukonda gani huku? Suruali inakuaga!"

Matilda aliingia na tope hadi magotini, blanketi kichwani.

"Jana ulikuja hapa?" Lutengano aliuliza.

"Jana? Jana tulikwama Chimala, lori limezama, wanawake tukasukuma na wanaume wakatoa amri. Kwani nani kasema nilikuja?"

Akamweleza. Matilda aliketi taratibu, si kwenye kigoda.

"Mimi sikuja kumchukua," alisema. "Nilikuja kukaa nanyi mpaka mvua ziishe. Shemeji, ungempa?"

"Nilikuwa nimeshampa."

Jioni, akifagia, Matilda aliona vishimo viwili vya magoti kwenye sakafu, upande wa kulia, vidogo, vibichi. Alivifukia kwa udongo, akasawazisha kwa kiganja. Asubuhi vilikuwepo. Akafukia tena. Asubuhi vilikuwepo. Tangu hapo, akifagia, hupita pembeni.

Lutengano naye alirudia kupiga magoti, kwa ndama, kwa mbegu, kwa safari. Akimaliza kuomba hainuki upesi. Husubiri.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Uani kote palilowa isipokuwa mahali pawili, mbele ya kizingiti, pakavu kama miguu ya yule wa kigodani, kila pahali pa ukubwa wa unyayo wa mwanamke. Vidole vilielekea ndani.