Panya wa Sukari

Ilikuwa siku ya tisa tangu nimzae Neeltje, na panya walikuwa wameisha.

Panya ndilo jina tunaloviita vile vipunje vya bizari tamu vilivyofunikwa sukari, pinki na nyeupe, kila kimoja na kijimkia chake. Mtoto akizaliwa, mgeni hupewa tosti kavu ya mviringo yenye siagi, na panya juu yake. Hapa kwetu Veldersluis, mji mdogo wa mifereji, humwambii mtu aje amwone mtoto. Unamwambia, "Njoo ule panya."

Saa kumi na moja jioni, mwezi wa Novemba, giza lilikuwa limeanza kushuka. Mume wangu Sjoerd alikuwa bado kwenye ghala la jibini. Nikamfunika Neeltje vizuri ndani ya kigari chake, nikaenda dukani kwa Bwana Evert.

"Wameisha tena?" akacheka. "Hilleke, wageni wako wana njaa ya mwaka gani?"

"Mama mkwe alikula tosti tatu."

"Tatu! Na wewe ukamwangalia tu? Mgeni hula moja, binti yangu, kisha unafunga kopo la tosti. Pa! Hata awe malkia."

"Naona aibu kufunga."

"Basi aibu yako itakula na kopo lenyewe."

Nilirudi kwa njia ya Nyumba ya Mizani, kwa sababu ndiyo fupi. Zamani wanawake walioitwa wachawi waliletwa hapo kupimwa, miguu mitupu, nywele zimefumuliwa. Walisema mchawi hana uzito, upepo humchukua. Aliyekuwa na uzito wa kutosha alipewa cheti, akaenda zake. Siku hizi wanaopimwa ni watalii, wakicheka, na Oktoba ikiisha mlango hufungwa mpaka baridi ipite.

Mlango ulikuwa wazi.

Bibi mmoja alisimama kizingitini. Sketi nyeusi. Miguu mitupu juu ya mawe ya baridi. Harufu yake ilinifikia kabla ya sauti... tope la mfereji siku ya kulizoa, na maziwa yaliyochacha.

"Wa kike?" akanong'ona.

"Wa kike, bibi."

"Ana uzito gani?"

Kwetu kila mtu huuliza hivyo. Uzito wa mtoto huandikwa hata kwenye kadi ya kutangaza amezaliwa.

"Kilo tatu na gramu mia sita," nikasema.

"Mzito..." Akalamba midomo. Ulimi wake ulikuwa na utando wa kijani. "Mzito hasa."

Nilitaka kuondoka. Lakini mtu akikusifia mtoto nawe ukanyamaza, huo ni ufidhuli, na mimi siwezi kumfanyia mtu ufidhuli. Nikasema lile linalosemwa na kila mzazi hapa.

"Karibu ule panya."

Sikumwambia nyumba yetu ni ipi.

Nilipofika nilimtoa Neeltje kwenye kigari, nikamkumbatia, nikaingia sebuleni.

Alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha Sjoerd.

Kiti kile hulia kikikaliwa hata na mtoto. Chini yake hakikulia.

Mapazia hatufungi kwetu. Jirani alipita na baiskeli, akatuona na taa yetu inawaka, akanipungia mkono. Mwanamke na mgeni wake. Ningepiga kelele niseme nini?

Nikamwandalia tosti kwa mkono mmoja. Siagi, kisha panya. Akaikwangua sukari yote kwa ukucha, ikamwagika sakafuni.

"Hawa siyo panya."

Akaingiza mkono kwenye mkunjo wa sketi. Alipoutoa ulikuwa umeshika vitoto vya panya, vya leo au jana, vyekundu, havina manyoya, macho yamezibwa na ngozi. Akavikandamiza kwenye siagi kimoja kimoja. Vilikuwa vikijinyonganyonga.

Akang'ata.

Ilikuwa sauti ya mtu aliyekanyaga konokono. Siagi ikamtiririka kidevuni pamoja na kitu cha kijivu. Akakifuata kwa ulimi.

Alipomeza, mkono wangu uliombeba mtoto ulipanda wenyewe, kama unapoinua ndoo uliyodhani imejaa maji.

"Tamu," akanong'ona. "Nyingine, mama?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona aibu.

"Chukua tu, bibi."

Akachukua. Akaingiza tena mkono kwenye sketi. Akatafuna polepole, mdomo wazi. Sasa kiti cha Sjoerd kililia chini yake. Nikamtazama Neeltje. Mashavu yake yalikuwa yaleyale, ya mviringo, macho wazi, kimya kabisa. Lakini mikononi mwangu alikuwa kama sweta lililokunjwa.

"Walinipima pale mara moja," akasema, mkia ukimning'inia kwenye pembe ya mdomo. Akauvuta ndani. "Sahani ya mizani haikushuka hata kidogo. Wakaniambia nirudi nikiwa mzito."

Akanyoosha mkono kwenye kopo la tosti.

"Nyingine, mama?"

Neeltje alinitoka mkononi.

Hakuanguka. Alikuwa anapanda. Vidole vyangu viwili tu, kwenye pindo la shuka lake, ndivyo vilivyomzuia.

Nikakibamiza kifuniko cha kopo.

"Moja!" nikapiga kelele, mimi ambaye hata kanisani huimba kwa kunong'ona. "Mgeni hula moja!"

Hakukasirika. Hilo ndilo linalonirudia mpaka leo. Aliinamisha kichwa, kama mgeni aliyeona haya kwelikweli.

"Nimezidisha," akasema. "Samahani, mama. Basi nirudishe cha watu."

Akainama kabla sijageuka. Akaweka midomo yake juu ya midomo ya mwanangu, kama njiwa anavyolisha kinda. Koo lake likatuna. Nilisikia vile vitoto vikipanda... vikiteleza... vikipita.

Neeltje akameza.

Akameza tena.

Na mikono yangu ikashuka kwa uzito.

Sjoerd alirudi saa kumi na mbili, akafungua madirisha yote. "Nani kaleta uchafu wa mfereji humu?" Nilimweleza kwa kulia. Akachukua tochi, akaenda Nyumba ya Mizani. Kufuli ilikuwa mahali pake, imefungwa, na juu yake utando wa buibui.

Kesho yake nilikuwa kliniki mlango ulipofunguliwa. Nesi Jannigje alimweka Neeltje kwenye mizani, akaangalia mara mbili.

"Kilo nne na mia mbili! Hilleke, hayo ni maziwa au krimu? Unakula nini?"

"Niazime kidogo," akasema mama mmoja kwenye benchi. "Wangu amekonda kama spoku ya baiskeli." Wote wakacheka.

Nesi akaliminya tumbo la mtoto kwa vidole. Akasita.

"Kuna kitu kinapapatika humu," akasema. "Gesi tu. Itapita."

Akanirudishia. Mwanangu mzima, mzito, mwekundu, akaufungua mdomo akitafuta ziwa. Pumzi yake ikanipiga usoni, ina harufu ya tope la mfereji.

Nikambusu, kwa sababu walikuwa wakitutazama.

Kisha nikageukia ukutani, nikafuta midomo yangu kwa kiganja. Nikafuta tena.