Jumamosi ya Chumvi

Kila Jumamosi asubuhi, Kipkemei na mkewe Linah walitoa ng'ombe wao huko juu ya Kimilili, wakawapeleka mlimani kulamba udongo wa chumvi. Ng'ombe wakilamba, Linah alivua viatu, akakaa kwenye nyasi bila kufanya lolote. Wiki nzima alizalisha akina mama katika hospitali moja ya Kitale. Jumapili alirudi kazini mwepesi, anacheka.

Kisha mwenzake wa kazini, Hibo, akamwomba amshikie zamu Jumamosi moja. Linah akakubali. Nanyi mnajua watu: wakishaona hukatai, kila shida ni yako. Miezi mitano ikapita hajaona mlima.

"Hata ng'ombe wanakuuliza," Kipkemei alimwambia kwa simu.

"Si wagonjwa ni wengi, bana. Nani atawaangalia?"

Kichwa kilimuuma kila siku na usingizi ukampotea. Aliyaficha hayo, jambo linaloniudhi mpaka leo.

Alasiri moja wanawake wawili walijifungua karibu wakati mmoja. Linah aliwapima watoto uzito, akawafunga lebo za majina mkononi, akawapeleka kwa mama zao. Mmoja wa mama hao, Khairunisa, alifungua shali kubadilisha nepi, akashtuka.

"Sista, si uliniambia nimepata msichana? Huyu ni kijana!"

Linah akatazama lebo. Ilisema Khairunisa, na mwandiko ulikuwa wa Linah mwenyewe. Akaenda kumwita mkubwa wake.

Wilkista, mkuu wa wadi, alikagua rekodi, akawarudisha watoto kwa wenyewe, kisha akamwita Linah ofisini. Linah alijua kazi imekwisha.

"Barua ya onyo utapata," Wilkista alisema. "Lakini hata mimi niliona hiyo ratiba nikanyamaza. Ati ulipumzika lini mara ya mwisho?"

Linah alilia tu. Wilkista akachukua kalamu, akafuta jina la Linah kwenye zamu zote za Jumamosi.

Ijumaa, Hibo akaja tena. "Dada Linah, nishikie kesho."

"Kesho napeleka ng'ombe chumvi," Linah alijibu, akaendelea kutandika kitanda.

Funzo

Linah hakuwa mzembe, alichoka. Enyi wauguzi na madaktari, siku yenu ya mlimani, mtoni au shambani msiigawe ovyo. Nasi tunaotibiwa, tukimkuta sista amekaa kwenye nyasi, tusimwite mvivu. Khairunisa analea binti yake leo kwa sababu tu yule mtoto mwingine alikuwa mvulana.