Kaseti Iliyotaka Pumzi ya Ketsia

Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo, ya kuchekesha hata: kaseti iliyokwisha kufutwa ilikuwa bado ina kitu ndani.

Evariste aliitazama skrini ya kompyuta yake, kuukuu, iliyokuwa ikila umeme wa betri ya gari, akakuna kidevu. Juu ya meza ya karakana yake, mtaa wa Lumumba, palikuwa na kaseti kumi na mbili za zile mashine ndogo za michezo zinazoshikwa mkononi. Watoto wa Bunia walizipenda kwa sababu hazikudai televisheni wala umeme wa mji, na mwaka ule wa 2003, vita vya Kongo vikiendelea, umeme wa mji ulikuwa kitu cha kusimuliwa tu. Zilikuwa kaseti za kuandikwa upya: unafuta mchezo wa zamani, unahakikisha kaseti ni tupu, unaandika mwingine. Kazi ya mtu aliyetembea dunia, alipenda kusema Evariste, kisha akajicheka mwenyewe, maana ni yeye aliyewahi kupanda basi la Kampala, akashuka Fort Portal akidhani amefika, na kukaa siku mbili akiisifu Kampala kuwa mji mtulivu.

Kwenye skrini, kumbukumbu ya kila kaseti ilionekana kama vyumba vidogo sitini na vinne. Chumba kilichofutika kilikuwa cheupe. Kilichokataa kilikuwa chekundu. Kaseti kumi na moja zilikuwa nyeupe kabisa. Ya kumi na mbili ilikuwa na vyumba saba vyekundu.

Alifanya yote ambayo fundi hufanya. Alisugua meno ya shaba kwa kifutio cha shule, akayapangusa kwa spiriti. Alibadili betri ya ndani, ile bapa kama kifungo cha koti. Akalehemu upya kila kiungo. Akafuta tena. Saba. Alipoiingiza kwenye mashine na kuwasha, skrini ilibaki nyeusi, na kwenye spika ukasikika mvumo mdogo, kama mtu aliyebana pumzi ili asisikike.

Ilinuka pia. Harufu ya nyasi za paa lililoungua kisha likanyeshewa.

"Ipulize tu, papa," alisema Ketsia, binti yake wa miaka tisa, akiwa amekaa juu ya kreti ya bia.

Hakuna mtoto asiyejua dawa hiyo: kaseti ikikataa, unaipuliza kwenye meno. Evariste alijua pia kwamba pumzi huleta unyevu, na unyevu huleta kutu. Hotuba hiyo aliwahi kuitoa kwa wateja wa nchi tatu. Alitazama huku na huku kama mwizi wa sukari, akapuliza. Kimya.

"Leta kwangu," alisema Ketsia. Alikuwa mwimbaji wa kwanza wa kwaya ya watoto, na kifua chake kilikuwa sifa ya mtaa mzima. Akapuliza mara moja. Skrini ikawaka, muziki ukaanza kurukaruka.

"Iko natumika! Weye hauna pumzi, papa. Uko na pombe tu."

"Heshima, mutoto. Hii ni pumzi ya muzee, inaenda polepole."

Walicheka wote wawili. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake: mashine iliwaka, naye akaacha kuuliza kwa nini.

Kila mara kaseti ile ilipozimika, alimwita Ketsia. Alitaka kuishinda kabla mwenye mali hajaja, ili Agathe, mfanyabiashara aliyezileta kutoka soko la Ariwara, asije akasema fundi aliyefika Nairobi ameshindwa na kitu kidogo kuliko kipande cha sabuni. Ukihesabu na ile ya kwanza, mtoto alipuliza mara kumi na moja katika wiki moja.

Siku ya tano Ketsia alianza kukohoa, kikohozi kikavu. Jumamosi, kwenye mazoezi ya kwaya, alifungua kinywa na ukatoka upepo mtupu.

"Nimeangalia koo yake," mke wake Elisabeth alimwambia Evariste mlangoni, kwa sauti ya chini. "Haiko nyekundu, haikuvimba. Hana homa. Sauti imeenda wapi?"

"Vumbi, Mama Ketsia. Na woga. Nani hana woga siku hizi?"

"Mutoto anavuta pumzi kama muzee, na weye unasema vumbi?"

Jumatatu, saa sita mchana, bunduki zilirudi upande wa kilimani. Maduka yakafungwa mbio, na wote watatu wakalala kifudifudi kwenye sakafu ya karakana, mlango umekomewa, jua likipenya kwenye matundu ya bati na kuchora sarafu za mwanga migongoni mwao. Ketsia alikuwa katikati. Evariste alihesabu pumzi zake, moja, kimya, nyingine, kimya kirefu zaidi. Ndipo mtu alipoanza kuimba juu ya meza.

Ulikuwa wimbo wa kwaya, ule wa Ketsia, kwa sauti ya Ketsia.

Evariste aliinua kichwa. Mashine ilikuwa pale mezani, kaseti ndani yake, na betri zake nne zilikuwa kwenye mfuko wa shati lake mwenyewe, alizisikia zikimchoma mbavuni, na bado skrini ilikuwa imewaka, nyeupe kama jicho lililogeuka, na sauti ya mwanawe ikaimba ubeti wa kwanza mpaka mwisho, halafu nyuma yake zikaanza nyingine, moja nzito ya mwanamume, moja ya bibi, moja ya mtoto aliyekuwa akikohoa kila baada ya neno, na hazikuimba bali zilikuwa zikimfuata Ketsia kama watu wanaofuata taa kwenye giza, na ile harufu ya nyasi zilizoungua ikajaa chumba hadi Elisabeth akaziba pua ya mtoto kwa kitenge chake, na mtoto mwenyewe, aliyelala pale kati yao macho wazi, alikuwa akichezesha midomo bila kutoa hata mlio.

Bunduki ziliponyamaza, mashine nayo ikanyamaza.

Evariste aliiweka kaseti kwenye kompyuta. Vyumba vyekundu kumi na vinane. Saba vya mwanzo, na kumi na kimoja. Hakuhitaji kompyuta kufanya hesabu hiyo.

Agathe aliitwa akaja jioni, kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku, akiwa na Mama Emerance, kiongozi wa chumba cha maombi cha mtaa, mwanamke mfupi aliyeombea wengi na kuzika wengi zaidi. Agathe alipoiona kaseti hakukaa.

"Papa Ketsia, kumi na moja nilinunua Ariwara, kweli ya Mungu."

"Na ile ya douze, ya kumi na mbili?"

"Batu bananunua ku dazeni. Ilibakia moja tu." Alijifuta uso. "Tulipita mu kijiji kimoja ku njia, upande wa Djugu. Nyumba ziliungua zote. Gari ikasimama, nikaingia mu nyumba moja kutafuta maji. Ile kaseti ilikuwa ndani ya mashine, chini ya kitanda ya chuma, na... na benyewe ba nyumba."

"Benyewe bangapi?" aliuliza Elisabeth.

Agathe aliinua vidole saba, akavishusha haraka kama vimemuunguza.

"Kwetu hatubebake kitu ya nyumba yenye benyewe hawajazikwa!" Elisabeth alifoka kwa mnong'ono. "Ata kijiko, Agathe. Ata kijiko!"

"Nilijua. Nilisema ni kaseti tu, utafuta, itakuwa mupya."

Mama Emerance aliichukua kaseti, akaiweka sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu. Alipoiondoa, jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Iko jini ndani," alisema. "Inakaaka fasi, pale batu bamekosa pumzi. Inabashikilia. Moshi iliwakamata bale batu chini ya kitanda, na mutoto wako akabapatia pumzi. Unafikiri batarudisha?"

"Nifute yote? Niichome moto?"

"Ukichoma, sauti ya Ketsia inaenda nabo. Mwenye alipuliza, ndiye atavuta."

Evariste, ambaye katika maisha yake alikuwa na mzaha kwa kila polisi wa mpakani, alitafuta mmoja akaukosa. "Na bale bengine, mama? Akivuta, atachagua namna gani?"

"Tutaomba," alisema Mama Emerance, na hakumtazama usoni.

Mtoto alikuwa amebakiza pumzi fupifupi, na midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Elisabeth ndiye aliyeamua. Alimkalisha mapajani, akamshikia kaseti mdomoni. "Vuta, mama yangu. Vuta kitu yako tu."

Ketsia akavuta. Mama Emerance aliomba kwa sauti, Agathe akaitikia, na mtoto akaendelea kuvuta, kifua kikapanda, kikapanda tena, akavuta kupita kiasi cha kifua cha mtoto, kupita cha mtu mzima, mpaka vibati vya dirisha vikatikisika na makaratasi ya mezani yakasogea kumwelekea, na Evariste akapaza sauti basi, basi, imetosha, lakini kinywa kile kidogo hakikubanduka hadi kilipokuwa tayari.

"Papa," alisema Ketsia.

Sauti yake. Nzima, safi, ya mwimbaji wa kwanza. Elisabeth akalia. Agathe akapiga magoti. Evariste akaikimbiza kaseti kwenye kompyuta, akacheka kwa nguvu mpaka akakohoa: vyumba sitini na vinne, vyote vyeupe! Ilikuwa tupu, kama siku ilipotoka kiwandani. Akageuka awaonyeshe wengine, na kicheko kikamkauka. Vyote vyeupe. Hata vile saba.

"Mama, naomba maji," alisema Ketsia.

Akaletewa kikombe, akakimaliza. Akaomba kingine. Akamaliza ndoo ndogo nzima, kikombe kwa kikombe, bila kupumua katikati, na kila mara alinyoosha mkono tena.

"Imetosha, mutoto wangu. Utaumia tumbo."

"Ya kwangu imetosha tangu zamani," alisema Ketsia kwa upole. "Hii ni ya bengine. Banasema bako na kiu."

Mama Emerance aliacha kuomba. Elisabeth hakumwachia mtoto. Alimkumbatia zaidi, akajaza kikombe kingine, akauliza kama mama mwenye nyumba anavyouliza wageni wanapobisha hodi:

"Bako bangapi, Ketsia?"

Mtoto alifumba macho. Huko kilimani bunduki zilianza upya, mlio mmoja, kisha mingi.

"Ngoja kwanza, mama," alisema. "Bangali banaingia."