Ubeti wa Nne

Siku walipokutana, ghorofa ya chini ya jengo la vifaa vya umeme ilikuwa imefurika watu kiasi kwamba ukitaka kujikuna ulimkuna jirani. Kila duka lilikuwa limefungulia spika zake mpaka mwisho. Kwenye kibanda cha kona, kati ya muuza simu na muuza taa, alikaa mwanamke mmoja aliyetengeneza redio, maiki na amplifaya. Alivaa ovaroli la bluu lililopauka, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko, nywele amezibana juu kwa kipande cha waya mwekundu. Watu walimwita Fundi, na mama yake pia, akitaka kumchokoza.

Alikuwa analehemu, huku spika yake ikiunguruma kwa magitaa mazito na sauti ya mtu anayemwita Mungu kwa kupayuka. Mwanamume mrefu, mwenye koti jeusi la ngozi lililochanika begani, akajipenyeza hadi kaunta na kuweka kinasa sauti chake.

"Dada, samahani. Zima hiyo kwanza ndipo tuongee."

Fundi hakuinua macho. "Inakukera?"

"Inanihuzunisha. Hiyo ni kwaya iliyovaa suruali ya kuchanika. Wakiivua, chini kuna joho lilelile."

"Na koti lako lilichanika lenyewe, au ulilichana kwa mkasi ili tukuogope?"

Muuza simu akacheka mpaka akaangusha chaja. Mwanamume akajishika begani.

"Kwa mkasi," akakiri. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

Hapo ndipo Fundi alipoinua macho, maana sauti ile aliijua. Ni ya yule mtangazaji wa kipindi cha muziki cha Jumamosi mchana, ambaye nusu ya mji ilimsikiliza kwa kumpenda na nusu kwa kumchukia. Mtangazaji alikuwa na dini moja tu, punk: muziki wa haraka, wa kelele, wa watu waliokasirika, usiojali kama mpigaji amejifunza kupiga.

Kinasa sauti kilipona siku ileile. Mtangazaji akarudi kesho yake, na keshokutwa, kila mara na kifaa kingine ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Siku ya tano akaishiwa vifaa, akaomba namba ya simu.

"Fundi wangu," alikuwa akianza, "nimeharibika."

"Wapi tena?"

"Moyoni."

"Huo sina spea zake. Jaribu maduka ya nyuma."

Baada ya utani huo waligombana, na kugombana kwao kulikuwa kutamu kuliko mabusu ya watu wengine.

"Rock ya Kikristo ina kasoro moja, mpenzi. Inajua mwisho kabla haijaanza. Mtu analia dakika tatu, ya nne lazima afurahi, utadhani kuna mtu amemshikia saa. Punk haijawahi kumwahidi mtu chochote."

"Punk inagombana na serikali, na polisi, na mwenye nyumba. Rahisi! Mimi nataka kumsikia anayegombana na aliyewaumba wote hao, na bado anamwita Baba. Huyo ndiye mwenye kifua."

"Kipenzi, kwa nini usihubiri?"

"Kwetu mhubiri yupo. Mmoja anatosha."

Mtangazaji alijua kwamba baba yake Fundi ni mchungaji. Asichojua ni kwamba Fundi mwenyewe alipiga gitaa la besi katika bendi ya kanisa la baba yake, na kwamba nyimbo zote za bendi ile alizitunga yeye. Alikuwa amemficha kwa makusudi. Alitaka siku moja mwanamume huyu aisikie kazi yake bila kujua ni ya nani, asije akaitia sukari.

Na wimbo wenyewe ulikuwepo. Mwaka mmoja kabla, kaka yake Fundi, mwashi, alianguka kutoka ghorofa ya sita, akafa, alipovunjikiwa na jukwaa la mbao ambalo kila mtu pale kazini alijua limeoza. Msibani, waombolezaji walimshika Fundi mkono mmoja baada ya mwingine, wakamwambia: Mungu alimpenda zaidi. Alilisikia neno lile mara arubaini kwa siku moja. Usiku hakulala, na kulipokucha alikuwa na beti tatu na kiitikio cha mstari mmoja: *Kama huko ndiko kupenda, tupende kidogo.*

Mchungaji aliusikia wimbo ule mazoezini, akasimama mlangoni, uso umemshuka. "Hauimbwi hapa," alisema, "mpaka uwe na ubeti wa shukrani." Kisha akauandika mwenyewe, palepale, akamkabidhi binti yake karatasi. *Asante kwa yote, machozi yamekauka.* Fundi akaumeza ubeti ule kama kidonge bila maji. Bendi ikarekodi, ikapeleka kazi redioni kwa jina la bendi.

Jumamosi moja, bila taarifa, Mtangazaji akaupiga. Pale jengoni watu wakasogea kwenye kibanda cha Fundi, kwa kuwa redio yake ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote.

"Wasikilizaji," ikasema sauti aliyoizoea sikioni, "hizi beti tatu zimenisimamisha nywele. Miaka yote naambiwa rock ya Kikristo ya kweli ipo, nabisha. Leo nimeisikia, nimeshindwa. Halafu unakuja ubeti wa nne. Machozi yamekauka! Yamekauka lini? Dakika moja iliyopita alikuwa anazika mtu! Aliyetunga wimbo huu ni mwoga. Amefika mlangoni kwa Mungu, amegonga kwa ngumi mbili, mlango umefunguliwa, anasema samahani, nimekosea nyumba."

Jengo zima likaangua kicheko. Fundi aliangalia kifaa cha kulehemu kikiunguza meza, moshi ukipanda, asikumbuke kukiinua.

Kipindi kilipoisha alipiga simu.

"Kipenzi changu! Umesikia nilivyo—"

"Huyo mwoga ni mimi."

Fundi hakumngoja ajibu.

"Kaka yangu ndiye aliyezikwa humo. Umeniita mwoga mbele ya mji mzima, watu wakacheka kibandani kwangu."

"Mungu wangu. Kwa nini hukuniambia? Miezi sita naongea na wewe kila siku! Umenitega, Fundi!"

"Ungejua ni mimi, ungesemaje?"

"Ningesifu wote," akasema Mtangazaji.

"Hata ubeti wa nne?"

"Hata huo."

"Basi mwoga ni wewe. Usinipigie tena."

Mtangazaji alipiga. Alipiga asubuhi, alipiga mchana, alituma ujumbe mrefu kama barua ya kuacha kazi. Fundi hakupokea. Wiki tatu alifanya kazi meno ameyabana, na wateja wakajifunza kuacha vifaa vyao na kuondoka bila maswali. Alimkasirikia kwa maneno yale. Alimkasirikia zaidi kwa kuwa yalikuwa ya kweli.

Jumamosi ya tatu alikula mchana kwa wazazi wake. Walikaa watatu kwenye meza ya viti vinne. Baba yake, shati jeupe limefungwa hadi kooni, alinawa mikono na kusema:

"Mwanangu, nilikuonya. Kelele zile zimetuletea aibu mpaka redioni. Kesho bendi ipumzike."

Fundi akaweka kijiko chini. "Beti zangu zilisifiwa, Baba. Uliochekwa ni wako."

"Chunga mdomo wako."

"Nimeuchunga mwaka mzima! Umeniandikia machozi yamekauka. Ya nani? Yangu hayajakauka. Yako yamekauka?"

Mchungaji alipiga meza kwa kiganja, glasi zikaruka. "Unadhani mimi sina hasira? Nilimbatiza mwanangu kwa mikono hii, nikamzika kwa mikono hii! Kila wiki nasimama mbele ya watu mia tatu. Nikianza kupiga kelele mimi, nitaishia wapi?"

Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia akisema hivyo. Mama, ambaye kwa kawaida angekuwa ameshawatuliza, aliendelea kutazama kiti cha nne.

"Mimi nataka kuusikia," alisema taratibu, "bila ule ubeti wako, Baba Mchungaji. Mara moja tu. Nimechoka kuambiwa nishukuru."

Mchungaji akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Kesho yake, ibada ya saa tisa alasiri, Fundi alipanda jukwaani na gauni jeusi na viatu vyake vya kazini, gitaa la besi likining'inia kiunoni. Akawapa ishara wenzake. Besi ikaingia kwanza, nzito, madirisha yakatetemeka. Mabibi wa safu ya mbele wakashikana mikono. Ulipofika ubeti wa pili, watu kama thelathini walikuwa wameshatoka nje, mmoja akisema kwa sauti kwamba hizi ni kelele za mashetani. Fundi aliimba akiwatazama migongo. Kwenye kiitikio cha mwisho akaacha kuimba, akapayuka, na kati ya sauti za watu akasikia moja iliyopayuka naye: mama yake, amesimama juu ya benchi, kitambaa kimemdondoka kichwani.

Wimbo ukakatika palepale. Hakuna shukrani. Hakuna amina.

Mchungaji alisimama mimbarini kutoa baraka za kufunga ibada. Badala yake akashuka, akakaa kwenye ngazi na viatu vyake vilivyong'arishwa, akalia kwa sauti mbele ya watu wake, naye hakuwaomba radhi.

Fundi alipotoka nje kukusanya nyaya zake, Mtangazaji alikuwa uani, amesimama kando ya spika. Amevaa shati lililopigwa pasi.

"Nani kakwambia uje?"

"Mama yako. Alipiga simu redioni jana, akawatikisa wote mpaka wakamuunganisha nami. Akasema, mimi ndiye mama wa huyo uliyemwita mwoga, kesho saa tisa njoo umwambie usoni."

"Haya. Niambie."

"Siwezi. Nilimtukana mtu nisiyemjua kwa sababu maikrofoni ilikuwa imewashwa na nilipenda sauti yangu. Nimekosa. Jumamosi nitasema hivyohivyo, kwa watu walewale."

"Na ubeti wa nne?"

Akasita, akakuna shingo. "Ule bado ni mbaya. Na leo ngoma zilikuwa zinachelewa."

"Mtu mzima hovyo!" Fundi alimtupia waya uliokunjwa kifuani. "Baba yangu analia mle ndani, wewe unahesabu ngoma?"

"Si hutaki nikutilie sukari!"

"Sikusema unitilie chumvi!"

"Basi nioe tugombane vizuri!" akapayuka Mtangazaji, kisha akagundua alichosema. "Yaani... nikuoe. Wewe ukubali. Nakuomba."

Watu waliotoka kanisani kwa hasira wakageuka. Hata yule wa mashetani akanyamaza. Fundi alimtazama kuanzia shati hadi viatu, kifua kikimpanda na kushuka, macho bado mekundu.

"Nimekubali," akasema. "Lakini leo usiniongeleshe. Bado nimekasirika."

Akatupia gitaa begani, akatangulia kuelekea langoni. Mtangazaji akainama, akakumbatia spika iliyokuwa nzito kumzidi, akamfuata bila kusema neno.