Gari Lisilochagua Mafuta

Sia alikuwa anaanua nguo nyuma ya nyumba za watumishi, pale zahanati ya Kinyala, aliposikia honi. Mbili, fupi fupi. Mumewe huyo, na honi mbili maana yake safari.

"Chukua kitenge kizito," Boazi alisema bila kushuka. "Tunampeleka Baba Mbeya. Kifua kimembana tena."

Sia alikuwa na mimba ya miezi sita, na miguu yake ilikuwa imejaa tangu asubuhi. Angeweza kukataa. Lakini mke anayekataa kumsindikiza mkwe mgonjwa husemwa, na akiwa mgeni husemwa mara mbili. Yeye alikuwa binti wa Moshi, aliyeletwa huku milimani na ajira ya unesi, akaolewa hukuhuku. Alishaapa moyoni kwamba hakuna Mnyakyusa atakayemsema. Akachukua kitenge, akapanda.

Lile gari lilijulikana kote. Stesheni wagoni ndefu ya kijivu, iliyotoka Uswidi, usukani upande wa kushoto. Likipanda mlima, tabo ya injini yake ilipiga mluzi mwembamba uliosikika hata bonde la pili. Magurudumu yote manne yalivuta, kwa hiyo masika, madalali wenzake wa maparachichi walipozama matopeni, Boazi aliwapita akipunga mkono, buti limejaa. Na ajabu yake kubwa ni kwamba halikuchagua mafuta. Ulitia petroli, lilikwenda. Ulitia spiriti, lilikwenda. Ulichanganya, ndiyo kwanza lilikwenda. Mjini Tukuyu wakalibatiza Mlevi.

"Huyu bwana anakunywa chochote," Boazi alipenda kusema, akilipigapiga boneti.

Watu walicheka. Sia naye alicheka, maskini.

Sasa, kuna jambo la huku ambalo mgeni lazima alijue. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mambo ya kale, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawakai pamoja. Mmoja akimsikia mwenzake njiani, anajificha migombani mpaka apite. Vijana wengi wamekwisha kuyaacha hayo, lakini Boazi alisema baba yake hajaacha, na Sia akaliheshimu neno la mumewe. Harusi ilifanyika Moshi. Mzee, aliambiwa, hakuweza kusafiri. Tangu hapo, kila walipomchukua garini, Sia aliketi mbele, kitenge kimemfunika mpaka puani, na kile kioo cha kati Boazi alikigeuza kikatazama dari. Hakuwahi kuuona uso wa mkwewe. Alimjua kwa kikohozi kikavu, na kwa namna gari lilivyolala nyuma mzee akiingia. Na kwa harufu... harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa.

Walifika Nkunga, kijijini kwa mzee, ukungu umeshuka. Boazi akasimamisha gari pembeni ya migomba, akazima taa.

"Jifunike."

Sia akajifunika. Akamsikia mumewe akitokomea kwenye majani yaliyolowa, kisha kimya. Kisha hatua zikirudi.

Hatua za mtu mmoja.

Labda amembeba mgongoni, alijiambia. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, gari likalala. Ti... ti... ti... Ile kengele ya abiria asiyefunga mkanda. Halafu, kwach. Mkanda ukafungwa, kengele ikanyamaza.

Wakaondoka. Unesi wake ulimsumbua; mgonjwa wa kifua husikika anavyovuta pumzi, na huko nyuma hakukuwa na pumzi.

"Anapumuaje?" akanong'ona.

"Vizuri."

"Mbona simsikii?"

"Tulia, mke wangu."

Akatulia, macho yakabaki kwenye dashibodi. Taa ya mafuta ilikuwa inawaka nyekundu, mshale umelala chini kabisa. Mbele yao palikuwa na kituo cha mafuta, taa zake nyeupe zikielea kwenye ukungu. Boazi akakipita.

"Hutii mafuta?"

"Yatapatikana njiani," Boazi alijibu, na hakumtazama.

Jibu hilo lilimkaa vibaya. Sia akaikumbuka safari ya mwaka uliopita, safari kama hii hii, Baba nyuma, wakielekea Mbeya. Alikuwa na mimba ya kwanza. Walipofika hospitali, mgonjwa akawa yeye. Alipoteza mtoto usiku ule ule, na Boazi alimlilia kuliko hata yeye. Siku ya kurudi nyumbani alikiona kitu ambacho hakukitilia maanani: tangi lilikuwa limejaa pomoni. Na msimu mzima wa maparachichi hakumwona mumewe akisimama kituo chochote. Alimwuliza. Boazi akasema analetewa spiriti na rafiki yake kwa madumu, na yakaishia hapo. Ukimpenda mtu, majibu yake yote yanatosha.

Mtoto alikuwa akicheza tumboni tangu Kinyala, anapiga huku, anapiga kule. Walipokuwa wakishuka kuelekea Kiwira, akaacha.

Karibu na soko la Kiwira palikuwa na lori la chai limelala kukatiza barabara, na watu wakipiga kelele. Boazi akaguna. "Nakuja. Usigeuke, tafadhali." Akashuka akiacha injini inawaka, akapotelea kwenye ukungu kule mbele.

Sia akabaki peke yake. Si peke yake.

Kidole kikagonga kioo chake. Akaruka, kisha akamtambua: Atuganile, mama muuza ndizi, ambaye mjukuu wake alizaliwa mikononi mwa Sia. Akateremsha kioo kidogo.

"Nesi, ugonile," mama alimsalimia. "Nimeliona gari. Mnakwenda wapi na tumbo hilo?"

"Tunampeleka baba mkwe hospitali."

"Mkwe yupi?"

"Baba yake Boazi."

Atuganile aliinama, akatazama kiti cha nyuma. Alitazama kwa muda. Kapu la ndizi likamtoka mkononi.

"Kyala, Mungu wangu," akanong'ona. "Nesi... mimi ni wa Nkunga. Baba yake Boazi tulimzika kabla wewe hujaletwa huku. Nilipika kwenye msiba ule. Boazi mwenyewe alimwaga udongo."

Sia alitaka kucheka. Mdomo ukakataa.

Nyuma yake, kwach.

Mkanda umefunguliwa.

Ti... ti... ti...

Kiti kikalia. Kitu kilikuwa kinasogea mbele, taratibu, na baridi ikamgusa kisogoni kupitia kitenge. Akavuta kitasa cha mlango. Kimekaza. Atuganile akavuta kwa nje, kimekaza. Mbele ya macho ya Sia, injini ikinguruma bila dereva, ule mshale wa mafuta ukainuka. Kidogo. Ukaiacha nyekundu. Na tumboni mwake kimya... kimya kama kisima.

Hapo akaelewa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na aliyekuwa akimla yeye alilala naye kitanda kimoja miaka yote hii. Hakuwa mke aliyekuja kumsindikiza mgonjwa. Alikuwa dumu lililopakiwa.

"Geuka!" Atuganile alikuwa anapiga kioo kwa viganja. "Mtazame! Mwiko ule unafunga huku na huku. Mkwe naye haonwi! Mtazame usoni!"

Kila kitu alichofundishwa kilimwambia asigeuke. Lakini kila alichofundishwa alifundishwa na Boazi.

Akavua kitenge. Akageuka.

Aliona koti jeusi la msiba, lenye matope mabegani. Aliona mkono mkavu umeegemea kiti chake, karibu mno, na vidole vimeshika kikofia cha sufu cha njano. Sia alikifuma mwenyewe, mwaka jana. Kilizikwa pamoja na mtoto aliyekusudiwa kukivaa. Kisha, kwa nukta moja tu, aliuona uso.

Akauona, na wenyewe ukaona kwamba umeonwa.

Kile kitu kikatoa mlio wa aibu, mlio wa mzee aliyekutwa uchi mtoni. Kikajivuta nyuma, koti likapanda kichwani, kikajikunja kwenye kona ya kiti kikitafuta pa kujificha. Kitasa kikalegea. Sia akaanguka nje, juu ya ndizi, na Atuganile akamkokota mpaka jikoni kwake nyuma ya soko.

Hapo ndipo walipokaa, karibu na moto. Nje walisikia mluzi wa tabo ukipanda kurudi Tukuyu. Boazi hakuja kumtafuta. Hakugonga, hakuita, hakuuliza kama yu mzima. Baadaye sana mtoto akapiga teke moja dogo, chini ya mbavu, na Sia akaweka mkono pale na hakuuondoa mpaka asubuhi.

Alijifungulia Moshi, kwa mama yake. Msichana. Boazi akawa anapiga simu, naye hapokei. Siku moja mchana, jua limejaa chumbani na mtoto amelala kifuani, akapokea, bila kujua kwa nini.

"Mke wangu." Sauti ilikuwa imekonda.

"Sema."

"Gari halitaki tena petroli. Naijaza, linazima. Spiriti, linazima. Na kulikimbia siwezi, nikilala nyumbani naamka niko ndani yake." Akavuta pumzi. "Baba amehamia mbele, Sia. Kiti chako. Haangalii barabara, ananiangalia mimi. Mimi mwanawe, hakuna mwiko kati yetu, naweza kumtazama mpaka kesho na hatoki. Njoo mara moja tu. Umtazame, kama siku ile."

Kwa mbali, kwenye simu, Sia alisikia mvua ya Rungwe ikipiga bati la gari. Alikuwa na maneno mengi aliyoyaweka kwa ajili ya siku hii, yote makali. Likatoka moja tu.

"Boazi. Ile safari ya kwanza. Ulijua?"

Mvua. Kikohozi kikavu, ambacho hakikuwa cha Boazi.

Sia alingoja. Mungu amsamehe, alikuwa tayari hata kudanganywa. Angesema sikujua, pengine angemwamini, kwa mazoea tu.

"Nilijua," Boazi akasema. "Nilidhani atatosheka na yule mmoja."

Sia akakata simu. Mama yake alimkuta ameketi sakafuni, amemkumbatia mtoto mpaka mtoto analalamika, naye analia kwa sauti kama msibani, akimlilia yule mwingine ambaye hakuwahi kumpa jina.