Shikamoo ya Mkubwa

Msuko wa mdogo wangu ulirudi nyumbani ndani ya mfuko wa sketi!

Nywele, ndugu zangu. Zimekatwa kwa mkasi wa karatasi, ushanga bado unaning'inia mwishoni.

"Nani kafanya hivi?!"

"Mkubwa..."

"Mkubwa gani? Mwalimu?"

"Hapana, dada. Wa darasani kwetu."

Mkubwa huyo ni mtoto wa darasa la pili, meno ya mbele hana. Cheo alijipa mwenyewe. Asiyemwita hivyo hachezi kamba wala mpira, na hakuna wa kukaa naye. Mdogo wangu alikataa kumwita.

Na aliyemshika mabega mkasi ukipita? Rafiki wa mdogo wangu mwenyewe, wa dawati moja!

"Sirudi shule," alisema, akaingia chini ya kitanda.

Mama alikwenda kuonana na mwalimu. Akajibiwa, "Watoto wanacheza tu, mama."

Wanacheza? Basi na mimi nikaona nicheze.

Wasomaji, mimi nasoma bweni, nipo nyumbani kwa kuwa sisi tulifunga mapema. Huko nilihitimu utundu kabla ya hesabu. Nikajilaza sakafuni, nikaingiza kichwa chini ya kitanda.

"Anataka kuitwa Mkubwa, eh? Mkubwa huamkiwaje?"

"Shikamoo."

"Basi mwamkie. Mpe heshima mpaka imkwame kooni!"

Huko gizani nikasikia kicheko.

Asubuhi nilimsindikiza mpaka getini. Mkubwa huyo hapo, kifua mbele.

"Kipara huyo!"

Mdogo wangu akapiga goti kwa adabu. "Shikamoo, babu."

"Nini?"

"Shikamoo, babu. Magoti bado yanauma?"

Watoto wakaangua kicheko.

"Mimi siyo babu!"

"Na meno nayo yamekwisha. Pole sana. Wajukuu hawajambo?"

Akakimbilia kwa mwalimu. "Mwalimu, ananiamkia!"

Kuna adhabu ya shikamoo? Haipo!

Kufikia Alhamisi, darasa zima lilimwamkia. Walimpisha kiti. Walimbebea begi. Walimshika mkono kwenye ngazi asije akateleza, mzee wa watu. Mimi nyumbani nilitembea kama mkuu wa majeshi.

Ijumaa nikakamilisha kazi yangu: mkongojo wa mpini wa ufagio, umefungwa utepe. Nikaupeleka mwenyewe nilipokwenda kumchukua mdogo wangu.

Mkubwa alikuwa amekaa kwenye ngazi, begi mapajani, analia kimyakimya. Wamemzunguka. "Shikamoo, babu! Shikamoo, babu!" Aliyeongoza kwaya ni yuleyule rafiki wa dawati.

"Mkabidhi," nikamnong'oneza mdogo wangu. "Tummalize!"

Akauchukua mkongojo. Akajaribu kuuvunja kwenye goti... ukakataa. Akautupa mtaroni.

"We! Kazi ya kutwa nzima hiyo!"

"Dada, wewe likizo ikiisha unarudi bweni. Mimi nabaki nao hawa."

Nikampisha njia. Mimi!

Akapenya katikati ya watoto.

"Mambo?"

Mkubwa akainua uso. Hakuamini kama ni yeye anayeulizwa.

"Nimesema, mambo?"

"P... poa."

"Usidhani nimekusamehe. Nywele zangu hujalipa. Utazungusha kamba mpaka msuko uote."

"Msuko wote?"

"Mpaka begani! Na wewe," akamgeukia rafiki wa dawati, "shika upande wa pili. Mabega yangu uliweza kuyashika, kamba itakushinda? Asiyetaka aondoke. Sitamlilia."

Hakuondoka mtu.

Akaruka yeye wa kwanza, msuko pungufu, kichwa juu. Kamba ikapiga vumbi. Binti mmoja aliyesimama pembeni akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi naweza?"

"Njoo. Panga mstari."

Mstari ukarefuka. Nikasogea karibu kutoa ushauri wa kitaalamu, maana hata kamba walikuwa hawazungushi sawasawa.

"Dada."

"Naam, mpenzi?"

"Sogea. Umekanyaga kamba."

Nikasogea, heshima yangu yote mkononi.

Kwa hiyo ninyi wenye mtoto anayeonewa, nisikilizeni mimi mtundu niliyestaafishwa mapema. Mfundisheni kusimama, wala asiombe radhi kwa kusimama. Lakini msimpe mtu wa kumwonea.

Kisha sogeeni. Mmekanyaga kamba.