Chaza Walioliwa Mchafukoge

"Umewakaanga?"

"Nani kakaanga? Nimempelekea mama, tumewapika kwa nazi."

Uledi alishika kichwa katikati ya duka la vitenge la Siwema, pale Kariakoo. Wateja wakajifanya wanachagua rangi.

"Siwema, wale chaza ni wa maabara ya chuo! Nimewafuata soko la samaki Feri alfajiri, wakiwa hai!"

"Unaniachia ndoo, unasema 'nitunzie, mpenzi,' unatokomea. Mwanamume akileta kitoweo, hupikwa. Mama amekula, majirani wamekula. Jengo zima pale Mchafukoge linajua mkwe ameanza kuhudumia nyumba. Sasa nikawaambie nini?"

Uledi akajitupa juu ya robota la vitenge. Ndivyo walivyojuana mwaka jana: alimwagia robota kama hilo ndoo ya maji ya bahari, akaomba radhi mpaka akanunuliwa soda. Tangu hapo ni "kipenzi" na "roho yangu," simu mpaka salio liishe. Posa ndiyo haionekani.

Siwema alijifunga mtandio kiunoni, juu ya dera la njano. "Hao chaza wana nini cha ajabu?"

"Kwenye matamvua yao ya kupumulia kuna vijinywele maelfu, huvioni kwa macho. Vinasukuma maji kama makasia, chaza apate kula. Nilitaka kuvipiga picha."

"Vinapiga vyote pamoja?"

"Hata! Vikipiga pamoja, maji yanakwenda kwa kukatikakatika, nguvu zinapotea bure. Kimoja kinatangulia, jirani yake anafuata nyuma kidogo, na anayefuata naye vivyo hivyo, mpaka linakuwa wimbi." Vidole vyake vikainama kimoja baada ya kingine. Siwema alivipenda vidole vile. Akajikaza.

"Nani anaviamrisha?"

"Hakuna. Kimoja kikianza, maji yanamsukuma jirani."

"Na posa yetu?"

"Mpenzi, shangazi anamsubiri baba mdogo, baba mdogo anamsubiri kaka, kaka anasema twende wote kwa pamoja…"

"Na wewe unamsubiri nani?"

Mama mmoja aliyeshika kitenge cha bluu akajibu, "Anasubiri maji."

Duka zima likaangua kicheko. Siwema hakucheka. "Maji ndiyo haya, Uledi. Anza wewe, hapa hapa. Au chukua ndoo yako usirudi."

Uledi akatoa simu, akaweka spika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kulikoni, umefukuzwa kazi?"

"Nataka mnipelekee posa. Ijumaa hii."

"Alhamdulillahi! Nilidhani umeghairi, nikaona haya kuuliza. Kata simu, nimwambie baba yako mdogo."

Hata jasho hajafuta, baba mdogo akapiga: Ijumaa baada ya sala. Kisha kaka: avae kanzu ipi?

Siwema naye alikuwa keshampigia mama yake. "Wageni Ijumaa, mama. Ndiyo, wa posa! Chaza? Chaza gani, si umewamaliza wewe?"

Akawaaga wateja, akateremsha geti la duka, akamtwika Uledi ndoo.

"Twende Feri. Safari hii ndoo mbili: ya maabara na ya wakwe. Na yako utaibeba mwenyewe mpaka chuoni."